Gari la Kale Lililoharibika: Namna ya Kupanga Matengenezo Nyumbani Kabla ya Kushika Spana

Magari mengi ya kale hufia kwenye maboksi. Mtu analipata gari, anafurahi, na wikendi mbili zikipita ameshalifungua lote mpaka nati ya mwisho. Kisha kazi zinambana, pesa zinakatika, na miaka mitatu baadaye anauza bodi tupu pamoja na maboksi sita ambayo hakuna ajuaye kilichomo. Kutu ya gari lile ingetibika kabisa. Kilichokosekana ni wiki chache za kupanga, na hizo ndizo ninazotaka kuziandikia hapa.

Namwandikia mtu ambaye tayari ana gari la kale, limegongwa au limekaa nje miaka mingi, naye anataka kulirudisha barabarani kwa kufanya sehemu kubwa ya kazi nyumbani. Mifano yangu mingi inatoka kwenye Volkswagen Beetle kwa sababu ndiyo niliyoihangaikia mwenyewe: ilipigwa pembe ya mbele kushoto, ikaegeshwa, ikanyeshewa. Utaratibu lakini ni uleule kwa Land Rover, Mini, Peugeot 504 au gari lolote la umri huo. Nunua daftari moja lenye jalada gumu. Kila ninachosema "andika" hapa chini kinaingia humo, si kwenye vikaratasi.

Hatua ya 1: Andika gari litafanya kazi gani likikamilika

Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe na sentensi moja tu: gari hili likikamilika litafanya nini? Litaendeshwa kila wiki? Litarudishwa vilevile lilivyotoka kiwandani, mpaka rangi na vitambaa vya siti? Au litabaki na sura yake ya zamani huku likiwekewa breki na taa za kisasa zaidi?

Majibu haya matatu yanazaa kazi tatu tofauti. Anayetaka gari la kuendesha anaweza kuacha mikwaruzo ya rangi na kuweka nguvu zake kwenye breki, usukani na sakafu. Anayetaka uasili wa kiwanda atatafuta bolti zenye alama sahihi kichwani, na spea moja inaweza kumkalisha miezi. Ukianza bila kuchagua utajikuta unafanya yote matatu kwa zamu, na hapo ndipo pesa hupotea. Nashauri uchague gari la kuendesha, hasa kama hii ni kazi yako ya kwanza. Gari linalotembea linakupa moyo wa kuendelea.

Hatua ya 2: Hakikisha gari ni lako na ndilo lenyewe

Tafuta namba ya chesisi, uilinganishe na hati. Kwenye Beetle imegongwa juu ya tuta la katikati ya sakafu, chini ya siti ya nyuma. Magari mengine huwa nayo kwenye fremu, kwenye ukuta wa injini au kwenye kibati kilichopigwa ribiti. Usitishwe na namba fupi: mpangilio wa herufi na tarakimu 17 tunaouzoea leo ulianza kuwa kawaida mwaka 1981, kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Piga picha namba hiyo kabla hujagusa chochote. Na sehemu ilipo isikatwe, isisagwe wala isizibwe kwa puti (ule mchanganyiko wa kujazia mabonde ya bati), hata kama kutu imeikaribia. Gari lisilo na namba halisajiliki, na kazi yote itakuwa bure.

Hatua ya 3: Kagua, polepole, siku mbili nzima

Hapa ndipo penye uzito wote wa mpango. Osha gari kwanza, hasa chini, kwa sababu tope na grisi ya zamani huficha matundu. Toa mazulia na siti, basi. Mengine yabaki mahali pake. Vifaa ni vichache: tochi kali, bisibisi butu, nyundo ndogo, sumaku iliyofungwa kitambaa laini, futi ya chuma, uzi na timazi (kizito chenye ncha kinachoning'inizwa kwenye uzi).

Kutu hupenda mahali maji yanapoingia yasipate pa kutokea. Chungulia chini ya milango penye vitundu vya kutolea maji, maana majani na vumbi vikiviziba mlango hugeuka ndoo. Chungulia pembe za chini za kioo cha mbele, chini ya raba ya kioo cha nyuma, shimo la tairi la akiba, kingo za madigadi, pale jeki inapowekwa, na kile kizingiti kinachopita chini ya mlango kutoka mbele hadi nyuma. Bonyeza kwa bisibisi. Chuma kizima hukataa. Kilichooza huingia ndani kwa mlio mkavu, kama kukanyaga jani.

Pitisha sumaku juu ya bodi. Inapong'ang'ania pana chuma karibu. Inapolegea au kuteleza pana puti nene chini ya rangi. Puti nene huficha kitu. Kwenye Land Rover za zamani sumaku haitakusaidia juu ya bodi kwa kuwa sehemu kubwa ni alumini, lakini fremu yake ni ya chuma na ndiyo ya kupigwa nyundo, hasa boriti ya nyuma na zile pembe zinazoshika bodi. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe. Ukiuona unga huo, andika.

Kila gari lina donda lake. La Beetle ni sakafu ya nyuma kulia, kwa sababu betri inakaa chini ya siti ya nyuma na tindikali yake ikivuja hula bati taratibu. Yangu nilipoinua siti niliona mchanga chini kupitia tundu la ukubwa wa sahani. La Mini ni fremu ndogo ya nyuma inayobeba magurudumu. La MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ni vizingiti, na vile si pambo hata kidogo: gari lile halina fremu ya pekee, vizingiti ndivyo vinavyolizuia lisipinde katikati. Tafuta habari za gari lako kabla ya kukagua ili ujue pa kuanzia.

Kama gari limepata ajali, usiamini macho. Pima. Beetle yangu ilionekana imeumia digadi na taa tu. Digadi za Beetle hufungwa kwa bolti, kwa hiyo nikadhani ni kazi ya mchana mmoja. Kisha nikanyoosha magurudumu ya mbele yatazame mbele sawasawa, nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kiwandani umbali huo ni milimita 2400. Kulia nilipata 2400 kasoro chembe. Kushoto nilipata 2381. Nikapima tena, nikamwita mtu anishikie futi upande wa pili, ikatoka ileile.

Milimita 19 hazionekani kwa jicho, lakini gari la namna hiyo litavuta upande mmoja na kula tairi. Swali likawa: kilichopinda ni mhimili wa mbele unaoshika magurudumu, au ni kichwa cha fremu unapofungwa? Mhimili hutoka kwa bolti na kuwekwa mwingine. Kichwa cha fremu kimechomelewa kwenye sakafu, na hicho ni kazi ya fundi mwenye meza ya kunyooshea.

Kulipata jibu nilitumia timazi. Gari likiwa juu ya stendi nne, kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, teremsha timazi kutoka matundu ya bolti yanayolingana kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kila inapogusa chini weka alama ya chaki. Kisha pima mishazari: mbele kushoto hadi nyuma kulia, na mbele kulia hadi nyuma kushoto. Fremu iliyonyooka hutoa mishazari miwili inayolingana. Yangu ililingana nyuma ya mhimili, ikaachana kwenye mhimili wenyewe. Kwa hiyo ulipinda mhimili, fremu ilikuwa salama. Nilikaa chini palepale kwenye chaki nikashusha pumzi.

Usisahau mapengo ya milango. Mlango ukiwa umefungwa, pengo kati yake na bodi liwe na upana karibu uleule juu na chini. Likiwa jembamba juu na pana chini, au mlango ukihitaji kuinuliwa ndipo ufunge, huenda bawaba zimechoka au bodi imelala. Inua mlango ulio wazi kwa mkono: ukicheza, anza na bawaba.

Hatua ya 4: Gawanya kazi

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika utakayofanya mwenyewe, kulia ya fundi. Uwe mkweli.

Kufungua, kusafisha, kukwangua kutu, breki, nyaya, raba, siti na kufunga upya ni kazi za nyumbani kwa mtu mwenye subira. Kuchomelea mabati membamba hujifunzwa pia, lakini jifunzie kwenye vipande vya mlango uliotupwa, si kwenye gari lako. Ukianza kupata mstari usiotoboa bati mara kumi mfululizo, ndipo ukaribie sakafu.

Kunyoosha fremu, kuchonga silinda na kranki, na kupaka kromu, peleka. Rangi ya mwisho nayo peleka, na hapa nasisitiza. Rangi nyingi za kisasa za kuchanganya na kikaushio zina isosayaneti, kemikali inayoweza kuharibu mapafu moja kwa moja, na barakoa ya kawaida ya mchujo haitoshi. Mpakaji anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Nyumbani penye watoto na majirani hilo halifai. Praima ya kawaida na msasa unaweza kuvifanya mwenyewe, na huko ndiko saa nyingi zinakokwenda.

Hatua ya 5: Pesa, na nini cha kutafuta kwanza

Kwa kila kitu ulichoandika kwenye ukaguzi weka safu tatu: kinatengenezeka, kinanunuliwa, hakipatikani. Safu ya tatu ndiyo inayoongoza mpango wote. Injini ya Beetle utaipatia spea karibu popote, kwani Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Lakini kipande kidogo cha pambo la mlango, kioo cha pembeni chenye mkunjo, au lenzi ya taa ya mwaka fulani kinaweza kukugharimu msako wa mwaka mzima. Anza kuvitafuta hivyo leo, hata kama utavifunga mwisho.

Kinyume chake, kuna vitu vya kununua mwishoni kabisa. Tairi huzeeka hata likiwa limekaa, hivyo ukinunua mapya leo na gari litembee baada ya miaka mitatu umeshapoteza sehemu ya maisha yake. Betri vilevile. Hata injini, usiikimbilie: iliyofanyiwa matengenezo makubwa kisha ikakaa bila kuwashwa hushika kutu ndani, na dhamana ya aliyeitengeneza inaisha kabla hujaijaribu.

Ukijumlisha yote, ongeza theluthi moja juu yake. Chini ya kila kiraka cha puti utakuta kitu ambacho hukukiandika.

Hatua ya 6: Mahali pa kazi na usalama

Gari lililofunguliwa hujaza nafasi mara mbili au tatu ya lililo zima. Milango, boneti, siti na vioo vyote vinataka pa kulala pakavu. Kama huna nafasi hiyo, panga kufungua kwa sehemu: mbele kwanza, ifungwe, ndipo nyuma.

Stendi nne za chuma zinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati. Weka kizimamoto karibu na mlango wa kutokea, si nyuma ya gari.

Tangi la petroli litolewe mapema. La Beetle liko mbele, chini ya boneti, yaani palepale ajali nyingi zinapopiga. Tangi "tupu" ni la hatari kuliko lililojaa kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Usilichomelee wala usikatie chuma karibu nalo.

Breki na klachi za zamani, na baadhi ya gasketi, zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake usilipulize kwa hewa; lowesha, futa kwa kitambaa, funga kwenye mfuko. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo tumia msasa wa maji na barakoa, na watoto wakae mbali. Na jambo ambalo wengi hawalijui: baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na zikipata joto la kuchomelea hutoa gesi inayoweza kuua. Safisha chuma kwa dawa isiyo na klorini, kikauke kabisa ndipo uchomelee.

Kabla ya kung'oa betri angalia nyaya zake. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifunga upande chanya kwenye bodi, kinyume cha leo. Waya unaoanza kutolewa ni ule uliofungwa kwenye bodi, uwe chanya au hasi.

Hatua ya 7: Namna utakavyofungua

Mpango wa kufungua uandikwe kabla ya kufungua. Kila sehemu ipate namba, na namba hiyo iwe kwenye mfuko wa bolti zake, kwenye picha na kwenye daftari. Piga picha tatu: kutoka mbali ili ionekane mahali, kutoka karibu, na moja wakati kitu kimelegezwa nusu. Picha hiyo ya tatu ndiyo itakayokuonyesha washa ipi ilikaa upande gani.

Bolti zinazoweza kurudi kwenye tundu zake baada ya kitu kutoka, zirudishe kwa mkono. Nyaya zifungiwe lebo pande zote mbili kabla ya kuchomolewa, maana rangi za nyaya za miaka ile hupauka zote zikafanana.

Angalia sana bawaba za milango. Nyuma yake mara nyingi kuna vipande vyembamba vya bati vilivyowekwa kiwandani kupanga mlango ukae sawa. Vinadondoka bila kelele. Mimi viliniangukia viwili nikavidhania takataka, nikavifagia. Kuupanga mlango ule baadaye kulinichukua siku nne. Chora mstari kwa msumari kuzunguka bawaba kabla ya kuilegeza, kisha vihesabu vipande na uandike.

Usitupe kitu cha zamani mpaka kipya kimefungwa na kinafanya kazi. Spea mpya huja na matundu yasiyolingana, na kilichooza ndicho kitakachokuonyesha tundu la kweli liko wapi.

Hatua ya 8: Mpangilio wa kazi yenyewe

Muundo kwanza: fremu, sakafu, vizingiti. Halafu jaribio la kufunga milango, boneti na madigadi bila rangi. Kisha breki, usukani, springi na mabomba. Rangi. Nyaya, vioo, raba, siti, mapambo. Usiruke jaribio la kufunga. Mlango usiokaa sawa ni rahisi kuurekebisha ukiwa bati tupu kuliko ukiwa umepakwa rangi.

Kabla ya kukata kizingiti chochote, chomelea vyuma vya muda kuvuka uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ukiwa umeshahakikisha mapengo ya mlango ni sahihi. Gari lisilo na paa likikatwa bila vyuma hivyo hulala katikati, na kizingiti kipya kikichomelewa hapo, limepinda moja kwa moja. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili.

Mafuta ya breki ya kawaida huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo ya zamani yamwagwe yote na mabomba ya mpira yabadilishwe bila kuyahurumia. Yasimwagikie rangi, kwani huibabua. Mabomba ya petroli ya zamani nayo ubadilishe, maana petroli yenye ethanoli huyalainisha mpaka yanapasuka.

Hatua ya 9: Linda injini wakati inasubiri

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya mikono, na inafanywa siku ileile unapofunga daftari la mpango. Injini iliyokaa miaka usiijaribu kwa kuipiga stata. Toa plagi zote, mimina kijiko cha oili nyepesi kwenye kila tundu, iache mpaka kesho. Kesho yake shika bolti ya puli kwa spana na ujaribu kuizungusha taratibu, kwa mkono, upande inaozungukia. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili, subiri siku nyingine, jaribu tena. Yangu iligoma siku tano, ya sita ikasogea upana wa kidole, kisha ikazunguka yote.

Ikishazunguka, rudisha plagi kwa mkono, ziba mdomo wa kabureta na bomba la ekzosi kwa kitambaa kisafi ili panya na unyevu visiingie, na uizungushe nusu mzunguko kila mwezi. Andika tarehe kila unapoizungusha.